Siku Kwaya Iliponiimbia Mimi

(Maneno ya mwanakwaya wa sauti ya pili katika ibada ya shukrani ya jubilei)



Niliombwa niseme kidogo juu ya tumaini la ufufuo. Nilipouliza kwa nini mimi, niliambiwa, "Wewe umefiwa, unajua." Basi nitasema lile ninalolijua, nisiongeze.

Mnaijua kazi yetu ya Jumamosi. Tunakutana kanisani alfajiri, tunapanda matatu na sare zetu, tunafika kwa wafiwa. Tunaimba mwili unapotoka nyumbani, tunaimba kabla ya mahubiri, kisha tunaimba kaburini vijana wanaporudisha udongo. Hapo kaburini ndipo mwalimu hutuhimiza tuongeze sauti. Mwanzoni nilidhani anataka tusikike mbali. Baadaye nikaelewa: udongo wa kwanza ukigonga jeneza una mlio ambao mfiwa hausahau, na kwaya inajaribu kuufunika. Miaka mingi niliufunika mlio huo kwa ajili ya wengine, nikala chakula cha mazishi, nikarudi nyumbani, na kesho yake nikaimba tena ibadani. Sisemi kwamba niliimba kwa unafiki. Niliamini kila neno, ila halikuwa limenigharimu kitu.

Kisha Mama akafariki.

Wengi wenu mlimjua. Alisimama safu ya mbele, sauti ya pili, na mimi nilijifunzia sauti hiyo jikoni kwake nikichambua sukuma wiki, naye akinikatiza kila nilipoteleza kwenda sauti ya kwanza. Aliugua miezi minne. Tuliomba, tukafunga, mkaja nyumbani kumwimbia. Hakupona, nami nikamkasirikia Mungu. Nalisema wazi kwa sababu nadhani yuko mwingine ameketi hapa leo na hasira hiyo hiyo, na anaona haya.

Siku ya mazishi nilivaa sare ya kwaya. Mwalimu akanishika mkono, akaniambia, "Dada, leo kaa na ndugu zako. Leo sisi ndio tutakuimbia wewe." Sikupenda, lakini nilikaa. Walipoanza nilifungua kinywa kwa mazoea, sauti isitoke. Wimbo ule nilikuwa nimeuimba mara zisizohesabika, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuusikia. Ukiwa ndani ya kwaya unasikia sauti yako na ya jirani, unasikiliza kama besi wamechelewa. (Besi, msinune, ni siku ya furaha.) Pale kwenye kiti cha plastiki niliusikia wote. Sauti ya pili ilikuwa imepungukiwa na watu wawili, mmoja akiwa ndani ya jeneza na mwingine amekaa kitini, na bado wimbo ulisimama.

Wako walioniambia nisilie, eti mwanakwaya akilia anaonyesha imani haba. Walinitakia mema, lakini naomba tusimwambie mfiwa mwingine neno hilo. Katika Yohana 11 Yesu anafika Bethania Lazaro akiwa na siku nne kaburini. Alijua kwamba punde atamwita atoke, na hata hivyo alilia. Paulo naye, akiwaandikia Wathesalonike, hakuwanyima watu huzuni. Alichotaka ni kwamba wasihuzunike kama watu wasio na tumaini.

Anayenigusa zaidi katika sura hiyo ni Martha. Yesu anamwambia kwamba ndugu yake atafufuka, naye Martha anajibu kwamba analijua hilo, atafufuka siku ya mwisho. Jibu sahihi kabisa! Katika darasa la kipaimara angepata alama zote. Lakini ukisoma polepole unasikia kwamba halimfariji. Ni jibu la mtu aliyefundishwa vizuri na aliyechoka kulia. Yesu hamsahihishi, wala hamwambii siku hiyo iko karibu. Anamwelekeza kwake yeye mwenyewe, kwamba yeye ndiye ufufuo. Mimi nilikuwa Martha. Nilikuwa na fundisho lote kichwani, pamoja na noti zake, nikawa nimemsahau mwenye fundisho.

Niliporudi mazoezini baada ya miezi miwili, mlikuwa mkijifunza Haleluya ya Handel kwa ajili ya Pasaka. Sikuweza. Neno lenyewe lilinikwama kooni. Mwalimu akanieleza jambo ambalo sikulijua. Wengi hudhani Haleluya ile ndiyo mwisho wa kazi nzima ya Messiah, iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Kumbe inafunga sehemu ya pili tu. Ya tatu inaanza na soprano mmoja, peke yake, akiimba maneno ya Ayubu 19 kuhusu Mkombozi aliye hai, yakifuatwa na ya Paulo kuhusu Kristo aliyetangulia kufufuka. Ayubu aliyasema hayo akiwa amezika watoto wake na mwili wake umejaa majipu.

Nikaomba niruhusiwe kusimama tu, nisiimbe. Nilisimama hivyo mazoezi matatu au manne, ninyi mkiimba kushoto na kulia kwangu. Hakuna aliyenisukuma. Siku moja nikajikuta naimba, kwa sauti ndogo, na mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega. Hasira haikuisha siku hiyo. Ilipungua kidogo kidogo, na hata sasa siku nyingine hurudi, hasa nikipika mboga.

Asubuhi ya Pasaka Mchungaji alisoma Yohana 20. Mariamu Magdalene alimwona Yesu akadhani ni mtunza bustani, akamtambua alipoitwa kwa jina. Mimi nimeshikilia hapo. Aliyefufuka anakumbuka majina. Naye Mama, siku ile nitakapomwona, nina hakika atanisahihisha sauti kwanza kabla ya kunisalimu.

Wanakwaya, Jumamosi ijayo tuna mazishi, na marehemu ameacha mtoto wa darasa la sita. Matatu itaondoka kanisani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sauti ya pili, tusichelewe.