Vumbi la Timbo na Maji ya Paa

Leo pitisha kidole kwenye dirisha lako. Ukikaa karibu na timbo la mawe, au upande wa Kariandusi karibu na Gilgil, ambako udongo mweupe wa diatomaiti umechimbwa kwa miaka mingi, kidole kitarudi na vumbi. Vumbi hilo hilo liko juu ya bati lako.

Kwa nini tujali bati? Hapa Bonde la Ufa maji ya visima vingi yana floraidi nyingi, inayotoka kwenye miamba ya volkeno. Shirika la Afya Duniani lasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa zaidi ya hapo, meno ya ukubwani huota na madoa ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa. Kuchemsha hakuiondoi. Ndiyo maana twawaomba mkinge maji ya mvua. Timbo likifunguliwa upande upepo unakotoka, linachafua maji yale tuliyoyakimbilia.

Basi mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe paa, ndipo uelekeze mfereji kwenye tangi. Tangi likiisha, tafuta chujio la mkaa wa mifupa, kama lile la Dayosisi Katoliki ya Nakuru. Baba akitoka timboni, avue nguo za kazi nje kabla ya kumbeba mtoto, nazo zifuliwe peke yake. Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, mpeleke kliniki. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje asubuhi.

Halafu kuna mashimo yaliyoachwa. Mvua huyajaza, kingo hubomoka, na watoto wa shule huona ni pa kuogelea.

Wanaopanga matumizi ya ardhi huuliza: upepo wa kiangazi unatoka wapi? Maji yanateremkia wapi? Shule iko umbali gani? Majibu unayo wewe unayeamka huko kila siku. Sheria ya mazingira ya 1999 yataka athari zichunguzwe kabla timbo halijafunguliwa, na NEMA hupokea maoni ya wananchi. Baraza likitangazwa, nenda, hata na mtoto mgongoni. Wengi watazungumzia kazi, na ni kweli, timbo hulisha nyumba nyingi. Wewe beba daftari lenye tarehe: siku vumbi lilipoingia jikoni, usiku mtoto aliokohoa. Na kabla hujaketi, uliza ni nani atakayefukia shimo kazi ikiisha, na jibu liandikwe.