Damu Katika Mkojo Isidharauliwe



Mwaka huu tulichanga fedha za maziko ya kijana mmoja wa chama chetu. Alikuwa akikojoa damu, na kwa miezi mingi alitibiwa kichocho. Dawa alizimeza zote, lakini damu haikukoma. Picha ya figo ilipopigwa, uvimbe ulikuwa umekwisha kuenea. Hatukusimama hapa kumlaumu mtu, bali kueleza tuliyojifunza kwa kuchelewa.

Maradhi yale ni saratani ya figo iliyo nadra sana. Katika mwaka 1995 tabibu Charles J. Davis na wenzake, huko Marekani, waliieleza kuwa ni saratani ya namna ya peke yake, ianzayo katika sehemu ya ndani ya figo. Wagonjwa wao karibu wote walikuwa watu weusi, wa umri baina ya miaka 11 na 39, waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja. Mwenye urithi wa namna hiyo kwa kawaida haugui selimundu, na pengine hajijui kuwa anao. Urithi huo si mgeni kwetu, pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria. Na huko huko ndiko kichocho kilikozoeleka. Ndiyo sababu ugonjwa mmoja waweza kujificha nyuma ya mwingine.

Basi, tabibu huutambuaje? Kwanza mkojo hupimwa kwa hadubini, kutafuta mayai ya kichocho. Yasipoonekana, au damu ikiendelea baada ya dawa, yapasa figo lipigwe picha, na damu ipimwe selimundu. Uvimbe ukionekana, kipande chake hukatwa na kupimwa protini iitwayo INI1. Katika saratani hii protini hiyo imetoweka. Pasipo kipimo hicho, yaweza kudhaniwa kuwa saratani nyingine, na matibabu yakakosewa.

Wazazi wasiingiwe na hofu: wenye urithi huu ni wengi, na walio wengi kabisa hawatapatwa kamwe. Lakini kijana akikojoa damu, akiumwa ubavu na kukonda, tusione haya wala tusimfiche. Tumweleze tabibu habari za selimundu katika ukoo, na tuombe picha mapema.

Kwa hiyo twaiomba Kamati itenge fedha za nauli na vipimo katika mfuko wa mwaka ujao. Heri tuchange nauli ya hospitali kuliko kuchanga sanda.