Vidonge vya Baada ya Tendo

(Mazungumzo yaliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti wa Chama, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazee mliotutangulia katika shule hii, ndugu zangu wa rika langu, na nanyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vyenu tumevikalia sisi:

Barua ya Katibu iliniomba niseme maneno machache juu ya afya. Nadhani alitazamia niseme juu ya malaria au usafi wa mabweni. Nimechagua jambo jingine, nalo nilimweleza Mkuu wa Shule mapema, naye akaniruhusu. Nataka kuzungumza juu ya mtindo wa kumeza vidonge vya kuua bakteria baada ya kujamiiana, ili mtu asipate kaswende, kisonono au klamidia.

Mimi si daktari. Nilimaliza Kidato cha Sita hapa mwaka 2000, nikaenda Chuo Kikuu kusoma uchumi, na toka hapo ni mtumishi wa serikali upande wa mipango. Kazi yangu ni kusoma taarifa zilizoandikwa na wataalamu na kuuliza maswali mawili: jambo hili limefaa kwa nani, na je, kwetu litafaa? Hayo ndiyo nitakayouliza leo.

Sababu ya kuchagua jambo hili ni mwenzangu mmoja wa kazini. Tulikuwa safarini kikazi, tumelala nyumba moja ya wageni, akanionyesha vidonge alivyoviweka katika mfuko mmoja na wembe wake wa kunyolea. Akasema, "Ndugu yangu, siku hizi hofu hakuna. Wataalamu wa Marekani wamekwisha thibitisha. Ukitoka huko unameza mbili, unalala." Nikaomba nivione. Vilikuwa vile vya rangi mbili tunavyovijua sote, amoksisilini, alivyobakiwa navyo baada ya kung'olewa jino.

Sasa, habari aliyoisikia haikuwa ya uongo. Ipo dawa iliyothibitishwa, lakini si hiyo. Inaitwa doksisaiklini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ambayo wengine hupewa kwa ajili ya chunusi na wasafiri huitumia kujikinga na malaria. Kidonge kimoja kwa kawaida huwa na miligramu 100, na kipimo kilichojaribiwa ni miligramu 200, zikimezwa kwa mara moja ndani ya saa 72 baada ya tendo. Ile "mbili" ya mwenzangu ilitoka hapo. Idadi aliishika vizuri, jina la dawa likampotea njiani, na hivi ndivyo habari nyingi za afya zinavyotufikia.

Wala wazo lenyewe si geni. Mwaka 1979 ilichapishwa taarifa ya majaribio yaliyofanywa kwa mabaharia wa Jeshi la Maji la Marekani, watu zaidi ya elfu moja, ambao meli yao ilitia nanga katika bandari ya Mashariki ya Mbali. Waliporudi melini wengine walipewa minosaiklini, dawa ya ukoo mmoja na doksisaiklini, na wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa walipata kisonono kwa uchache zaidi. Lakini watafiti wenyewe waliona kwamba dawa ilizuia vile vijidudu vilivyo dhaifu tu, na vile sugu vikapita. Wakasema wazi kwamba njia hiyo isingefaa kwa muda mrefu, maana ingewabakiza wale sugu peke yao. Wazo likawekwa kabatini kwa miaka mingi.

Lilitolewa tena wakati kaswende ilipoanza kupanda katika miji ya Ulaya na Marekani. Majaribio yaliyovuma zaidi yalifanyika San Francisco na Seattle, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2023. Walishiriki watu 501, wanaume wanaojamiiana na wanaume wenzao, pamoja na wanawake waliozaliwa na maumbile ya kiume. Nawataja hivyo walivyo kwa sababu matokeo ni yao. Anayewaficha ili habari ipendeze masikioni anamdanganya msikilizaji. Kila miezi mitatu walipimwa. Kati ya wale waliokuwa wakitumia dawa za kujikinga na Virusi vya UKIMWI, magonjwa haya yalionekana katika asilimia 31.9 ya mahudhurio kwa wasiopewa doksisaiklini, na asilimia 10.7 kwa waliopewa. Hiyo ni tofauti kubwa, na mtu wa mipango akiona tofauti ya namna hiyo huweka kalamu chini. Juni 2024 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa kikatoa mwongozo: watu wa makundi hayo waliowahi kupata ugonjwa mmojawapo katika miezi 12 iliyopita wazungumze na daktari juu ya njia hii. Katika mji wa San Francisco wenyewe, dawa hiyo ilipoanza kutumika, klamidia na kaswende ya mwanzo zilipungua karibu nusu katika makundi hayo. Kisonono hakikupungua.

Hapo ndipo swali langu la pili linapoanza, na jibu lake halikutoka mbali. Lilitoka Kisumu, katika ufuko wa kaskazini-mashariki wa ziwa hili hili ambalo siku za Jumamosi tulikuwa tukitoroka kwenda kuliogelea, tukarudi na kichocho.

Huko Kisumu watafiti wa Kenya na wenzao wa Marekani waliwaandikisha wanawake 449 wenye umri wa miaka 18 hadi 30. Wote walikuwa tayari wakitumia dawa za kujikinga na Virusi vya UKIMWI. Nusu yao walipewa doksisaiklini ya kumeza baada ya tendo, nusu wakaendelea na huduma ya kawaida, na wote wakafuatiliwa kwa mwaka mmoja. Matokeo yalichapishwa Desemba 2023. Magonjwa mapya yalikuwa 109 kwa jumla: 50 katika kundi la dawa, na 59 katika kundi lisilo na dawa. Kwa hesabu za kitaalamu, tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kusema kwamba dawa ilisaidia.

Kwa nini ifae Seattle, isifae Kisumu? Wepesi wa maneno watasema miili ya wanawake ni tofauti, lakini ilipopimwa ilionekana kwamba dawa inafika vizuri katika maumbile ya kike. Jibu lilipatikana kwenye nywele. Dawa hii ikimezwa huacha alama katika nywele zinapoota. Watafiti wakachagua wanawake 50 wa kundi la dawa kwa bahati nasibu, wakapima sampuli 200 za nywele zao. Dawa ilionekana katika sampuli 58 tu. Katika majibu waliyoyatoa kwa simu kila wiki, wengi walikuwa wakisema wanameza. Nywele zikasema vingine.

Wako watakaowacheka wale akina dada. Mimi siwacheki. Hebu fikirini binti wa miaka 22 anayeishi chumba kimoja na mwenzake, au na dada yake na shangazi. Chupa ya vidonge ataiweka wapi? Akiulizwa ni vya nini, aseme nini? Tayari anameza kidonge kingine kila siku, ambacho huenda pia anakificha. Ni maoni yangu, si ya watafiti, lakini naamini kidonge kilichomshinda binti huyo kukimeza kilishindwa na macho ya watu wa nyumbani kwake kuliko kitu kingine chochote. Na macho hayo, ndugu zangu, ni yetu.

Jambo jingine lililoonekana Kisumu linatuhusu sisi wanaume moja kwa moja. Vijidudu vya kisonono vilivyopimwa, vyote vilikuwa na usugu dhidi ya dawa za ukoo huo. Vijana wa Baiolojia mnajua kwa nini. Kisonono kimekwisha kushinda dawa nyingi. Kilianza na zile za salfa, kikaja kwenye penisilini, ambayo dozi yake ilibidi iongezwe mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka 1976 wakapatikana wadudu wanaotengeneza kimeng'enya cha kuivunja kabisa. Zikafuata dawa za ukoo wa tetrasaiklini, ikafuata siprofloksasini. Leo tegemeo kubwa lililobaki ni sindano ya seftriaksoni. Kila mtu anayemeza vidonge ovyo anawapa wadudu waliobaki nafasi ya kuzaana peke yao, na si wadudu wa kisonono tu, bali na wale wengine wanaokaa kwenye ngozi na matumbo yetu. Klamidia na kaswende bado zinaisikia doksisaiklini, na ndiyo maana huko kwingine imefaa.

Sasa nirudi dukani. Katika maduka ya dawa muhimu, ambayo wengi wetu tungali tukiyaita ya dawa baridi, mara nyingi mtu huuziwa vidonge vinne vya aina yoyote bila cheti na bila swali. Anameza, mkojo unaacha kumchoma, anajiona amepona. Huenda amepona kweli, huenda dalili zimelala tu.

Na huko dukani kuna mchanganyiko wa hatari kuhusu hizi saa 72, maana zimetajwa kwa dawa tatu zisizofanana. Kuna vidonge vya P2, ambavyo ni vya kuzuia mimba, na kadiri vinavyomezwa mapema ndivyo vinavyofaa zaidi. Kuna dawa za kuzuia Virusi vya UKIMWI baada ya hatari, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72, tena mapema iwezekanavyo, na kumezwa kwa siku 28. Hizo hutolewa hospitali baada ya kupimwa. Halafu ndiyo hii doksisaiklini. Hakuna hata moja inayofanya kazi ya mwenzake. Doksisaiklini haigusi Virusi vya UKIMWI, wala homa ya ini aina ya B, wala virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Kijana akibakwa, awe msichana au mvulana, asipoteze siku ya kwanza akitafuta vidonge dukani. Aende hospitali siku ile ile, na mtu anayemwamini amsindikize.

Nimwendee tena yule mwenzangu. Ana mke na mtoto mmoja, na kwa miaka kadhaa mkewe amekuwa akihangaika katika hospitali akitafuta mtoto wa pili. Nilimwuliza kama mkewe amewahi kupimwa klamidia. Hakuwa akijua klamidia ni nini. Nikamweleza kwamba wanawake wengi wenye ugonjwa huo hawana dalili yoyote, na kwamba ukiachwa unaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiziba, au kusababisha mimba kutunga nje ya mji wa mimba. Hata Kisumu, wanawake walipopimwa siku ya kuandikishwa, zaidi ya mmoja katika kila kumi alikutwa nao. Katika zahanati zetu nyingi mgonjwa hutibiwa kwa dalili anazozieleza. Asiye na dalili hafiki kabisa, au akifika haulizwi.

Sisemi kwamba vidonge vya mwenzangu ndivyo sababu. Sababu za kukosa mtoto ni nyingi, na nyingine ni za mume. Ninachosema ni kwamba hakuwahi kuyafikiria mambo hayo mawili kwa pamoja. Yeye aliita vile vidonge kinga. Nikamwuliza, kinga ya nani? Kama vimemfaa, vimemfaa yeye. Kama havikumfaa, aliurudisha ugonjwa nyumbani akiwa na moyo mweupe, tena bila kumpa mkewe nafasi ya kujua kwamba yumo hatarini. Alikasirika, tukala chakula cha jioni kimya. Baada ya wiki mbili akanipigia simu kuuliza wanapima wapi.

Basi kwa wazee wenzangu nasema hivi. Ikiwa mtu yuko katika hatari ya mara kwa mara na anataka kutumia njia hii ya doksisaiklini, amwendee daktari, apimwe kwanza, apimwe tena kila baada ya miezi michache, asiimeze akiwa mjamzito, aimeze na maji ya kutosha, asilale papo hapo maana hutia vidonda kooni, na ajihadhari na jua kali. Mpira wa kiume au wa kike bado unazuia mengi zaidi kuliko kidonge hiki, pamoja na mimba na UKIMWI. Akigundulika na ugonjwa, mwenzake atibiwe pia, siku zile zile. Nasi tunaokaa katika ofisi za mipango tuna kazi yetu: vipimo vya klamidia na kisonono ni haba mno nje ya miji mikubwa, na bila vipimo mazungumzo yote haya ni ya kubahatisha.

Kwenu vijana: wakati wetu, miaka ya tisini, tuliambiwa neno moja tu, "Acheni." Lilikuwa neno zuri, na kwa mwanafunzi wa bweni bado nalishikilia, maana anayengoja hahitaji kuhesabu saa 72. Lakini halikutufundisha majina ya magonjwa, wala mahali pa kwenda kupimwa, na baadhi yetu tulilijifunza hilo dukani.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na harufu ya pilau imekwisha ingia madirishani. Vijana wenye maswali wasiyopenda kuyauliza mbele ya wazee wayaandike kwenye karatasi bila jina, wampe kaka mkuu kabla ya saa nane. Nitajibu ninayoyaweza. Yatakayonishinda nimemwomba Bwana Tabibu wa zahanati, yule aliyekaa mstari wa tatu, anisaidie, naye amekubali kubaki hadi jioni.