Mauzo ya Nje: Njia ya Korea Kusini na Wanaoifuata

Mwaka 1964 mauzo ya nje ya Korea Kusini yalifikia dola milioni 100. Mwaka 1977 yakafika dola bilioni 10. Nchi iliyotoka vitani, isiyo na mafuta, ilianza kwa kuuza nguo, mbao za plaiwudi na nywele za bandia, kisha ikahamia kwenye chuma, meli na vyombo vya elektroniki. Tangu hapo serikali nyingi za nchi maskini zimeshauriwa zifungue biashara ili nazo zivune kama ilivyovuna Korea.

Ushauri huo huacha nusu ya habari. Kabla ya viwanda, Korea ilikuwa imekwisha kugawa ardhi ya mabwanyenye kwa wakulima, kwa sheria ya mwaka 1949, na kusomesha watoto wake wengi. Mwaka 1961 serikali ya Park Chung-hee ilizitia benki mkononi. Kampuni iliyouza nje ilipata mkopo wa riba nafuu na kuingiza malighafi bila ushuru. Iliyoshindwa kufikia lengo ilihatarisha mkopo huo. Soko la ndani nalo lililindwa kwa ushuru na marufuku. Ugumu wa kuiga uko hapo kwenye masharti. Kusamehe kodi ni rahisi kwa serikali yoyote. Kumnyima mkopo mfanyabiashara mkubwa aliyeshindwa kunahitaji serikali isiyomwogopa.

Mauritius inathibitisha kwamba njia hiyo inapitika hata Afrika. Ilipopata uhuru mwaka 1968 ilitegemea sukari, na mchumi James Meade alikwisha kuonya kwamba watu wake wangezidi kazi zilizopo. Mwaka 1970 ilipitisha sheria ya uzalishaji kwa mauzo ya nje. Wenye viwanda wa Hong Kong, waliobanwa na migawo iliyowekea kikomo nguo zao katika masoko ya Magharibi, walihamia huko. Wenye mashamba ya miwa wa kisiwani nao wakatia faida yao viwandani. Maelfu ya wanawake wakapata mshahara wao wa kwanza. Mtaji wa wenyeji ndio uliotia mizizi.

Lesotho ilipata soko bila mizizi hiyo. Sheria ya Marekani iitwayo AGOA, ya mwaka 2000, iliruhusu nguo zake kuingia nchini humo bila ushuru, hata zikishonwa kwa vitambaa vya Asia. Viwanda vingi vilikuwa vya wawekezaji wa Taiwan. Migawo ya nguo iliyowabana wauzaji wa Asia ilipokwisha mwanzoni mwa 2005, baadhi vilifungwa na maelfu ya washonaji wakabaki bila kazi.

Kuna swali jingine: je, wote wanaweza kuuza kwa pamoja? Mwaka 1982 mchumi William Cline alisema kwamba nchi zote maskini zikiuza kwa kasi ya Asia Mashariki, masoko ya matajiri yatajaa na kujifunga. Hoja ina uzito, ila inasahau kwamba aliyetangulia hupanda ngazi na kuacha nafasi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Daewoo ya Korea ilishirikiana na kampuni ya nguo ya Desh ya Bangladesh na kuwafundisha kazi watu wapatao 130. Wengi wao baadaye walieneza ujuzi huo katika viwanda vingine nchini mwao. Siku hizi nafasi hiyo ni finyu zaidi, kwa sababu China haijaziacha kabisa bidhaa nyepesi na mashine zinachukua kazi za mikono.

Kwa Afrika, soko la jirani lina thamani ambayo haijatumika vya kutosha. Nchi za bara hili huuziana bidhaa za viwandani kwa sehemu kubwa kuliko zinavyouza nje ya bara, ambako mafuta, madini na mazao ghafi hutawala. Biashara chini ya mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika ilianza rasmi Januari 2021. Kushusha ushuru peke yake hakutoshi pale lori linapokesha mpakani au cheti cha ubora cha nchi moja kinapokataliwa na nyingine. Kiwanda cha sabuni au cha viatu kinaweza kuanzia hapo, kwa wateja kinaowajua, kabla ya kujaribu bahati Ulaya au Marekani.