Simu Yako Isimuumize Mtoto Mara ya Pili

Mtoto akidhulumiwa mtaani kwetu, kitu cha kwanza tunafanya ni nini? Tunapiga picha, tunatupa kwenye grupu la WhatsApp. Nia ni nzuri, lakini kesho mtaa mzima unamjua, na shuleni hana amani tena.

Piga 116. Ni bure, usiku na mchana, Kenya nzima. Anayepokea amefunzwa kazi hiyo: anasikiliza, anaandika, kisha anaunganisha kesi na afisa wa watoto. Jina la mtoto halitangazwi. Sheria ya Watoto ya 2022 imempa haki ya faragha.

Picha ikishatoka hairudi. Heshima ya mtoto ni amana, tumsitiri. Toa simu sasa hivi, hifadhi hiyo namba.