Waya za Kichwani: Usiku Mmoja wa Kupima Usingizi wa Mtoto

Leo tunazungumzia usingizi.

Huenda una mtoto anayekoroma kila usiku, hata walio chumba cha pili wanamsikia. Analala mdomo wazi, kichwa amekirudisha nyuma, jasho linamtoka. Mara anakoroma, mara kimya. Unasubiri gizani moyo ukidunda. Kisha anashtuka, anavuta pumzi kwa nguvu na kuendelea kukoroma. Asubuhi anaamka amechoka, pengine amekojoa kitandani ingawa alikuwa ameshaacha. Mwalimu anasema hatulii wala hashiki masomo. Nyumbani anaitwa mvivu, na pengine anachapwa.

Mama, usimchape. Huenda mtoto huyo hulala saa tisa nzima lakini hapati usingizi. Mara nyingi kinachomsumbua ni tonsili kubwa kooni, au nyama zilizovimba nyuma ya pua. Akilala, misuli ya koo hulegea na njia ya hewa huziba.

Daktari wa masikio, pua na koo akimwona, anaweza kuamua matibabu papo hapo. Wakati mwingine, hasa kama mtoto ni mdogo sana au ana ugonjwa mwingine, ataomba kwanza apimwe usingizi usiku kucha. Kipimo hiki hakipatikani katika kila hospitali. Kwa kawaida utatumwa hospitali kubwa mjini, kwa hivyo uliza mapema kuhusu gharama na siku ya kufika.

Wazazi wengi huogopa wakiona waya. Wanauliza, "Je, mwanangu atapigwa na umeme?" La, hasha. Waya hizi haziingizi umeme mwilini. Kazi yake ni kusikiliza tu, kama daktari anavyosikiliza kifua. Ubongo hutoa mawimbi madogo sana ya umeme wake wenyewe, nazo waya huyapeleka kwenye kompyuta. Hakuna sindano, na hakuna kunyolewa nywele.

Jioni, mhudumu huchukua utepe kama ule wa fundi cherehani. Hupima kutoka bonde lililo juu ya pua hadi kifundo cha mfupa wa kisogo, kisha kutoka sikio hadi sikio. Urefu huo huugawanya kwa asilimia 10 na asilimia 20, kisha hutia alama. Kwa njia hiyo, kichwa kiwe kidogo au kikubwa, kila waya hukaa mahali pake. Vibati vidogo viitwavyo elektrodi hubandikwa kwa gundi laini juu ya paji la uso, utosini, kisogoni na nyuma ya masikio. Vingine hubandikwa kando ya macho, kidevuni, kifuani na miguuni. Mikanda miwili hufungwa kifuani na tumboni kupima pumzi, kijineli huwekwa puani, na kidoleni hufungwa kifaa chenye mwanga mwekundu cha kupima oksijeni.

Sasa utauliza, mbona vyote hivyo kwa mtoto anayekoroma tu? Kwa sababu usingizi si kitu kimoja. Una hatua zake. Baadaye mtaalamu huugawanya usiku katika vipande vya sekunde 30. Usiku wa saa 8 una vipande 960, na kila kimoja hupewa jina lake.

Kwanza kuna kuwa macho. Hatua ya kwanza ya usingizi ni kusinzia, mawimbi ya ubongo yakianza kupungua kasi. Ya pili ni usingizi wa kawaida, ambapo mawimbi ya haraka hutokea kwa kitambo kifupi kisha hupotea. Ya tatu ni usingizi mzito, wenye mawimbi makubwa ya polepole, na hapo ndipo mwili wa mtoto hutoa homoni nyingi ya kukua.

Halafu kuna usingizi wa ndoto. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walieleza jinsi macho ya aliyelala hukimbia huku na huku chini ya kope. Mmoja wa watu wa kwanza kupimwa na Aserinsky alikuwa mtoto wake mwenyewe wa miaka 8.

Mama, sikiliza hapa vizuri. Katika usingizi wa ndoto misuli hulegea kabisa, na ndipo koo la mtoto huziba zaidi. Usingizi huo huwa mwingi kuelekea alfajiri, wakati wewe mwenyewe umeshachoka na kulala. Waya za macho na za kidevu ndizo humwonyesha mtaalamu kwamba hatua hiyo imefika. Zikibanduka saa nane za usiku, sehemu muhimu ya kipimo inaweza kupotea.

Mtaalamu huhesabu pia mara ambazo pumzi ilikatika. Kwa mtu mzima huhesabiwa ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtoto, hata muda wa pumzi mbili unatosha. Pumzi ya mtoto ikiziba au kupungua zaidi ya mara moja kwa saa, hilo si jambo la kawaida.

Basi ufanye nini?

Fumua misuko yote, umwoshe nywele vizuri, wala usimpake mafuta, ili elektrodi zishike. Siku hiyo asinywe chai ya majani wala soda. Usimpe dawa ya kikohozi ili alale. Kama ana dawa za kila siku, muulize daktari. Mchukulie blanketi lake alilolizoea. Siku chache kabla, mchezeshe nyumbani: mbandike plasta kidevuni na umwambie wote mtalala hivyo. Uliza kama utaruhusiwa kulala karibu naye. Akianza kuvuta waya, mtulize, kisha umwite mhudumu azirudishe.

Ukiwa ungali unasubiri siku ya kipimo, mpige video kwa simu akiwa amelala, kifua kikionekana, kwa dakika mbili au tatu. Mwonyeshe daktari.

Na tafadhali, usimpeleke mtoto kukatwa kilimi. Kilimi si tonsili. Kukikata hakufungui njia ya hewa, na mtoto anaweza kuvuja damu nyingi au kupata maambukizi. Tonsili zikihitaji kutolewa, hutolewa na daktari wa upasuaji hospitalini.

Ukiona midomo ya mtoto imegeuka rangi ya buluu au kijivu, au anapumua kwa shida hata akiwa macho, usingoje kipimo. Mkimbize hospitali mara moja.

Usiku wa leo, kabla hujazima taa, kaa kidogo kando ya kitanda cha mwanao, usikilize pumzi zake.