Gari Linapochemsha Mlimani: Swichi ya Mkono ya Feni ya Rejeta

Leo bwana shamba wako anaweka jembe chini kidogo na kufungua boneti. Utaniuliza, feni ya gari na kilimo wapi na wapi? Alizeti iliyokwama njiani juu ya pikapu bado haijafika mashineni, na gasketi ya silinda ikiungua, fedha ya matengenezo inatoka kwenye magunia yale yale.

Barabara ya lami kutoka Dodoma kupitia Kondoa hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018. Lakini shamba lako haliko kwenye lami. Unatoka huko kwenye mchanga na makorongo kwa gia ya kwanza, umejaza mzigo, upepo unakusukuma kutoka nyuma. Au unapanda toka Kolo kwenda Bereku, jua la saa nane. Gari likienda kasi, upepo wenyewe unapoza rejeta. Likijikongoja, linaitegemea feni. Tena sisi tuko juu, kama mita 1,400 toka usawa wa bahari. Maji ya sufuria hapa Kondoa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Mfuniko wa rejeta ukiwa haushiki presha, maji ya gari nayo yatachemka mapema.

Kwa magari mengi ya zamani yenye feni ya umeme, feni huwashwa na swichi ya joto iliyofungwa kwenye rejeta au injini. Swichi hiyo ikifa, feni haizunguki. Ndiyo maana madereva hupenda kuongeza swichi ya mkono kwenye dashibodi. Wazo ni zuri, ila hufanywa vibaya. Pikapu moja niliyowahi kuipanda ilikuwa imefungwa swichi ya taa ya nyumbani, umeme wote wa feni unapita humo. Hatujafika juu, tukasikia harufu ya plastiki inaungua. Na nyuma tumebeba mabua makavu! Dereva aliruka akachomoa waya wa betri.

Feni hula ampea 10 hadi 20, pengine zaidi. Mzigo huo haubebwi na swichi ndogo, hubebwa na rilei. Waya mnene utoke kwenye betri, upite kwenye fyuzi iliyofungwa karibu na betri, uingie kwenye rilei, kisha uende kwenye feni. Swichi ya mkono kazi yake ni kuiamsha rilei tu, na kwa hiyo waya mwembamba unatosha. Gari lisilo na rilei, lifungiwe kwanza.

Sasa mwambie fundi apime kabla ya kukata waya. Injini iwe baridi na imezimwa, ufunguo uwe umefunguliwa, mikono iwe mbali na feni. Achomoe waya unaotoka kwenye rilei kuja kwenye swichi ya joto. Feni ikikaa kimya, auguse waya huo kwenye bodi ya gari. Ikizunguka hapo, basi swichi ya mkono ifungwe sambamba na ile ya joto: upande mmoja kwenye waya huo, upande wa pili kwenye bodi. Lakini baadhi ya Toyota za zamani ni kinyume, feni huzunguka mara tu waya unapochomolewa. Hapo swichi ya mkono ikae katikati ya waya huo, iukate. Ukizichanganya hizi mbili, utajikuta una swichi isiyofanya kazi siku unayoihitaji. Kwa njia zote mbili, swichi ya joto inabaki na kazi yake hata ukisahau kubonyeza. Gari ambalo feni yake inaongozwa na kompyuta, usiliguse. Mpelekee fundi wa magari hayo.

Na kabla hujatoa fedha ya fundi, itazame rejeta yenyewe. Makapi ya alizeti na mbegu za nyasi huziba mapezi yake kama blanketi. Ngoja ipoe kabisa, kisha pitisha maji taratibu kutoka upande wa injini kwenda mbele, yasiwe na nguvu ya kulaza mapezi.